Tinti Si Pazia

Wacha niseme hii maneno mapema ndio tuelewane. Mimi si adui wa tinti. Naipenda. Kioo cha ndege kikishika ile rangi ya moshi halafu jua likipige, manze, hata ndege ya katoni inakaa ni kama imebakisha tu kuwashwa. Lakini kuna tinti na kuna pazia. Watu wengi wanaonijia hapa Tuwan wakisema "weka tinti" huwa wanataka pazia. Wanataka nyeusi tii, ile ya kufunga kila kitu.

Kwa wale wageni: natengeneza modeli za matatu na ndege. Mwili ni katoni, waya na mbao laini. Magurudumu nakata kwenye slipa zilizochoka. Vioo ni chupa za soda. Zile seti za plastiki za kiwandani, kama za Tamiya ya Japani, sijawahi kuziona zikiuzwa dukani hapa Kitale. Nimeshika mbili tu, na zote zililetwa na watu kutoka ng'ambo. Lakini hesabu yao natumia, kwa sababu hesabu haiuzwi. Skeli ya 1/72 inamaanisha kila kitu unakigawanya kwa 72. F-5E, ile ndege ya kivita ya jeshi letu ambayo makao yake ni kambi ya Laikipia kule Nanyuki, ina urefu wa karibu mita 14.4. Kwa meza yangu inakuwa sentimita 20. Rubani wa mita 1.75 akisimama anakuwa sentimita 2.4, mfupi kuliko kifuniko cha soda kilivyo kipana.

Ni huyo mtu wa sentimita 2.4 ndiye naambiwa kila wiki nimfiche.

Naelewa sababu. Kumkalisha rubani ndani kunanimalizia jioni mbili. Kuna kiti, kuna mikanda, kuna dashibodi yenye saa ndogo ndogo ambazo nachora kwa ncha ya sindano. Kupaka kanopi rangi nyeusi, yaani kile kifuniko cha kioo juu ya rubani, ni dakika kumi. Kwa mbali, bei ni ile ile na macho ya mpita njia hayajui tofauti. Hapo ndipo mafundi wengi wa mtaa wamehamia, na siwatukani. Kodi ya nyumba haingoji saa za dashibodi.

Lakini tuangalie ndege zenyewe, kwa sababu wateja hupenda kuniambia "hata ndege za Marekani zina tinti." Ni kweli, ziko nazo. F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, nyingi utaziona na kanopi yenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na moshi. Hiyo haikuwekwa kwa sababu ya kupendeza. Ni utando mwembamba sana wa madini uliopakwa kwenye kioo. Bila utando huo, mawimbi ya rada ya adui yanapenya kioo, yanagonga kiti, vyuma na helmeti ya rubani, halafu yanarudi kwa adui yakiwa na habari. Utando unayazuia yasiingie. Kuna ndege nyingine, EA-6B Prowler, ambayo kazi yake ilikuwa kuvuruga rada za adui. Yenyewe iliwekewa utando wa dhahabu kwenye vioo ili mawimbi ya mitambo yake yasiwadhuru watu wanne waliokaa ndani. Na helikopta za Huey ukiziangalia juu ya vichwa vya marubani, kuna vioo vya kijani. Hiyo ni ya kupunguza jua.

Umeona? Zote tatu, tinti iko pale kwa sababu kuna mtu ndani. Inamkinga. Na zote tatu, ukisogea karibu, bado huyo mtu unamwona. Rubani asiyeona nje si rubani, ni mzigo. Kwa hivyo modeli ya ndege ya kivita yenye kioo cheusi tii si ndege yenye tinti. Ni ndege ambayo ingeanguka.

Sasa najua kuna msee ataniambia, "Buda, wacha mambo ya Marekani, angalia nganya zetu." Haya, tuangalie. Mwaka 2004, wakati wa John Michuki kama Waziri wa Uchukuzi, matatu zilibanwa: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, ule mstari wa manjano ubavuni. Na sheria za trafiki zinakataa vioo vya tinti kwenye magari ya abiria. Wengi tunaona ni polisi kutafuta tu sababu ya kusimamisha gari, na sitabishana na wewe hapo. Lakini fikiria dada yako amepanda gari saa mbili usiku kutoka Bungoma kurudi Kitale, kiti cha nyuma, na kioo hakionyeshi kitu. Hiyo tinti inamkinga nani? Kwa ndege, tinti inamlinda aliye ndani. Kwa gari la abiria, nyeusi tii inamlinda yule anayetaka kufanya kitu kisionekane. Rangi ni moja, kazi ni mbili tofauti kabisa.

Ndio maana hata nganya zangu za katoni zina vioo unavyoona kupitia. Makanga yuko mlangoni, abiria wako ndani, na mmoja amelala kinywa wazi.

Lakini sababu yangu kubwa si sheria wala rada. Ni watoto. Kaa kwa barabara na modeli mkononi uone. Mtu mzima huuliza bei, halafu anauliza kama inaruka. Mtoto hafanyi hivyo. Mtoto anachukua ndege, anaileta hadi puani, anafunga jicho moja, na lile lingine analibandika kwa dirisha. Wote hufanya hivyo, sijaona mmoja ambaye ameanza na mabawa. Kuna kijana wa darasa la tano hapa mtaani aliwahi kushika ndege ya fundi mwingine, nyeusi tii, akaizungusha, akachungulia mbele, akachungulia ubavuni, halafu akauliza kwa upole tu: "Sasa huyu anaendesha anakaa wapi?"

Hakuna mtu alimjibu. Akairudisha mezani akaenda kucheza mpira.

Kwa mtoto wa Tuwan, ndege ni kitu kinachopita juu. Unasikia sauti, unainua kichwa, imeenda. Uwanja mdogo wa Kitale si mbali, lakini kati yako na yule rubani kuna ua na mlinzi. Mahali pekee anapoweza kuona kiti cha rubani, na akajiweka pale kwa akili yake, ni kwa hii ndege ya katoni. Ukimfungia dirisha hapo pia, umemuuzia nini? Umemuuzia umbo la kitu ambacho tayari hawezi kuingia.

Haya, kwa wale mlioniuliza jinsi ya kufanya tinti inayoonyesha ndani, chukueni. Hakuna siri.

Kwanza chonga umbo la kanopi kwa mti laini, ulipige msasa hadi liteleze. Kila mkwaruzo wa mbao utaonekana kwa kioo. Kata chupa ya soda safi, ingiza umbo ndani, halafu ipashe joto taratibu juu ya jiko bila kugusa moto. Plastiki ya chupa hujikunja ikipata joto na kulikumbatia umbo. Fanya hii nje, penye hewa, na usiwaachie watoto. Ikipoa, kata kwa wembe, osha kwa sabuni, usiguse tena kwa vidole vyenye mafuta.

Rangi sasa. Chukua gundi nyeupe ya maseremala, iongezee maji kidogo hadi itiririke kama maziwa. Weka rangi ya chakula, ile ya keki, matone machache. Ukitaka moshi, changanya nyekundu, bluu na manjano kidogo kidogo hadi ikaribie kijivu. Ukitaka ile ya F-16, ongeza manjano. Usitumie vanishi ya mafuta, kwa sababu rangi ya chakula ni ya maji na hazitashikana. Paka upande wa ndani, ili nje ibaki na mng'ao wa plastiki. Itaonekana nyeupe na chafu. Usiogope, gundi ikikauka inakuwa angavu na rangi inatokea. Funika kwa bakuli vumbi lisiingie. Mipako miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito.

Mambo matatu ya kuangalia. Usibandike kanopi kwa supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa kioo na hautoki. Tumia ile ile gundi nyeupe. Kama una seti ya plastiki ya kiwandani, usikaribishe petroli wala dawa ya kutoa rangi ya kucha, zinayeyusha hiyo plastiki. Na mwambie mteja ukweli: rangi ya chakula hupauka juani na gundi hii haipendi maji. Ndege isikae dirishani.

Halafu pima kazi yako hivi: shika modeli mbele ya taa. Kama huoni kichwa cha rubani, umezidisha.

Sasa, kuhusu pesa, kwa sababu najua ndiyo mnangoja. Mwezi huu mzee mmoja mwenye duka alikuja. Anataka ndege ishirini kabla shule zifungwe, shilingi 500 kila moja, zote vioo vyeusi ili ziishe haraka. Hiyo ni elfu kumi. Mnajua elfu kumi ni nini kwa nyumba yenye mtu wa kidato cha tatu. Akaniambia, "Kijana, nani ataangalia ndani?" Nikamwambia, "Mzee, yule utakayemuuzia."

Sikukataa kazi. Nilimpa hesabu nyingine: ndege kumi na mbili, 800 kila moja, tinti ya moshi, rubani ndani. Jumla ni 9,600. Kazi ya ndani nimeirahisisha, kiti na rubani bila zile saa ndogo, ili tumalize kwa wakati na vijana wawili ninaowafundisha. Akacheka, akasema anaenda kufikiria. Kuna fundi mwingine hapo karibu na soko ambaye atamfanyia nyeusi kesho asubuhi, na yeye anajua hivyo.

Mathe anasema nimeringa. Inawezekana mzee asirudi. Lakini wale vijana wawili walikuwa wamekaa hapo wakisikiliza yote, na jioni hiyo mmoja wao alinyamaza kwa kona na kipande cha waya kwa karibu saa nzima. Nikafikiria amekasirika juu ya ile elfu kumi. Alikuwa anakunja mkono wa rubani, ufike kwa usukani.