Ufunguo Unapohama: Kompyuta na Suala la Mipaka katika Muziki

Suala la mipaka limewasumbua wanaisimu kwa muda mrefu: silabi moja inakomea wapi na nyingine inaanzia wapi, neno la mkopo linaacha lini kuwa la kigeni. Wanaochunguza muziki wa Ulaya kwa kompyuta wanakabiliwa na suala la aina hiyohiyo. Kipande cha Bach au cha Mozart huanza katika ufunguo mmoja, huhamia mwingine, kisha hurejea kilikotoka. Msikilizaji huuhisi uhamaji huo hata kama hajui jina lake. Kompyuta haina sikio, itaujuaje?

Mwaka 1971, H. C. Longuet-Higgins na Mark Steedman, ambaye wanaisimu wanamfahamu zaidi kwa kazi zake za sintaksia, walieleza utaratibu wa kutafuta ufunguo wa wazo kuu la kila fyugi katika mkusanyo wa Bach wenye fyugi 48. Kila noti iliposomwa, funguo zisizokuwa na noti hiyo ziliondolewa. Njia hiyo ni safi kimantiki, lakini katika kuondoa huko kila noti ina uzito sawa na mwenzake. Utafiti wa Carol Krumhansl na Edward Kessler uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba sikio halipimi hivyo. Wasikilizaji walijengewa muktadha wa ufunguo, wakasikilizishwa noti moja, kisha wakakadiria ulingano wake kwa kipimo cha 1 hadi 7. Katika C meja, noti ya C ilipata wastani wa 6.35 na G 5.19, ilhali ile iliyo nusu toni juu ya C ilipata 2.23 tu. Takwimu hizo zilizaa utaratibu wa Krumhansl na Mark Schmuckler: muda wa kila noti hujumlishwa, jumla hulinganishwa na vielelezo vya funguo zote 24, na ufunguo unaolandana nayo zaidi huchaguliwa.

Hata hivyo, kuutambua ufunguo si kuutambua uhamaji. Kipande kikikatwa vipande vidogo mno, kila noti ya kupita huonekana kuwa safari. Kikikatwa vikubwa mno, safari ya kweli humezwa. Mwaka 1999 David Temperley alipendekeza kwamba kila badiliko la ufunguo litozwe adhabu, kisha itafutwe njia yenye alama nyingi zaidi kwa kipande kizima. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusita. Adhabu hiyo hupangwa na mtafiti. Ikiongezwa, mabadiliko hupungua, ikipunguzwa, huongezeka. Kwa hiyo mpaka unaotangazwa kuwa ugunduzi wa kompyuta ni, kwa kiasi fulani, uamuzi wa binadamu aliyeiwekea kanuni.

Isitoshe, huenda mpaka wenyewe usiwe nukta moja. Noti za A, C na E zikipigwa pamoja ni mali halali ya C meja na ya G meja pia. Anayetoka C huzisikia kama za C. Ikifuata F iliyopandishwa nusu toni, hutambua kwamba tayari alikuwa njiani kwenda G. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo. Akisikia "paa", hawezi kuamua kama ni mnyama au ni sehemu ya nyumba. "Paa ameanguka" na "Paa limeanguka" hutenganishwa na kiambishi cha upatanisho, nacho huja baada ya nomino. Kinachofuata ndicho kinachokipa maana kilichotangulia.

Utaratibu wa Temperley unaweza kurudi nyuma na kusahihisha, na hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini mwishowe huandika ufunguo mmoja kwa kila sehemu, na ile hali ya kuwa kuwili hufutika. Hapana budi uchanganuzi utunze pia usomaji ulioachwa, kwa kuwa msikilizaji aliupitia. Sarufi inayohifadhi jibu la mwisho peke yake hueleza sentensi, lakini haimwelezi anayeisikia.