Nafasi Mbili, Wazazi Watatu

Wachumba huulizana mengi kabla ya ndoa: tuzae watoto wangapi, tupange nyumba wapi, Krismasi twende kwa nani. Sijawahi kusikia wakiulizana hili: wazazi wako wakiugua, watatibiwa kwa hela gani?

Kwetu swali hilo lililetwa na fomu. Mume wangu ni mtumishi wa Serikali, mimi ni fundi cherehani, najiajiri. Mshahara wake ulikatwa asilimia 3, mwajiri akaongeza 3, zikaenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwa utaratibu ule, mwanachama aliandikisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne: watoto, wazazi au wakwe. Watoto tunao wawili. Zikabaki nafasi mbili, na wazazi ni watatu: baba na mama yake walioko Dodoma, na mama yangu mjane, anayelima alizeti Singida.

Ni hesabu ya darasa la kwanza, lakini jamani, ilitulaza mzungu wa nne.

“Mama Neema, baba ana presha, siwezi kumwacha,” alisema.

“Na mama yangu je, yeye haumwi?”

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Hapo ndipo shida ilipo.

Wakwe wakaandikwa. Kilichomfaa mama yangu ni Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF iliyoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ikatungiwa sheria mwaka 2001 na kuboreshwa mwaka 2018. Baada ya maboresho hayo, kaya ya watu hadi sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Serikali nayo iliongeza chake kwa utaratibu ulioitwa “tele kwa tele”. Mama akajiandikisha pamoja na wajukuu anaoishi nao.

Zamani mama akipata homa alisubiri kwanza. Atachemsha mwarobaini, atatafuta mteja wa alizeti, na siku ya tano simu inatuingilia usiku, hali imeshakuwa mbaya. Alipopata kadi alianza kwenda zahanati siku ileile ya kwanza, kwa miguu yake, bila kumwomba mtu. Nyumbani kwangu nako kukatulia. Mume wangu aliacha kushtuka kila simu yangu inapolia saa nne usiku.

Nisiwadanganye, kadi ile haikuwa muujiza. Kuna siku aliambiwa dawa hakuna, akanunue duka la nje. Tena ilikuwa ya mkoani kwake. Alipokuja Dar es Salaam kutibiwa macho, tulilipa taslimu. Na jirani yake, bibi anayelea wajukuu peke yake, hata hiyo 30,000 hakuwa nayo. Yeye aliendelea na mwarobaini wake.

Ndiyo maana naifuatilia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023. Ndani yake kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vilivyotajwa ni pamoja na ushuru wa soda, pombe na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Yaani lipstiki yako na bia ya mumeo zinaweza kumfikisha bibi yule kwa daktari. Tuulize kama pesa hizo zinafika, na kama majina yanayoorodheshwa vijijini ni ya maskini kweli au ya ndugu wa viongozi.

Wengi wetu tunaofanya kazi mjini tunadhani bima ya wasio na kipato ni habari ya watu wengine. Shosti, huyo mtu mwingine ni mama yako. Asipokuwa na kadi, bili yake inalipwa na mshahara wako, tena katikati ya mwezi, na anayeingia kwenye ugomvi ni mwenza wako.

Kamati za harusi zetu hukusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi, mapambo na keki. Kabla ya kikao kijacho, kaeni wawili tu, mwandike majina ya wazazi wote wanne walio hai, na mbele ya kila jina muandike kadi aliyonayo. Penye pengo, pigeni simu kwa mtendaji wa kijiji wiki hiyohiyo.