Mtoto akianza ufundi, mzazi aingie karakana

Kijana aliyemaliza kidato cha nne akipata nafasi kwenye karakana ya mtaani, nyumbani huwa ni furaha. Mama anafua ovaroli, baba anatoa nauli. Wachache huuliza kazi yenyewe inafanywaje. Kama ni kuipa alumini rangi kwa umeme, swali hilo lisisubiri, kwa sababu kazi hiyo hufanyika ndani ya asidi.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1923 Waingereza waliitumia kukinga vipande vya ndege zinazotua majini visiliwe na chumvi. Leo fundi hutumbukiza kipande, tuseme kipuri cha pikipiki, ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kisha hukiunganisha na upande chanya wa umeme. Juu yake hujengeka ngozi ngumu yenye vitundu vidogo mno vinavyonywa rangi. Mwisho kipande huchemshwa kwenye maji ili vitundu vizibe. Asidi hiyo ni ileile ya betri ya gari.

Umeme ukipita, upande hasi hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Na karakana ya kushirikiana haikosi cheche: huyu ana grenda, yule anachomelea geti. Kila mmoja anaijua hatari ya kazi yake, ya mwenzake haijui. Ndiyo maana ndoo ya asidi hukaa panapopita hewa, mbali na moto, na majirani huambiwa kabla ya umeme kuwashwa.

Kijana afundishwe pia kwamba asidi humiminwa kwenye maji, polepole. Maji yakimiminwa kwenye asidi kali, huchemka ghafla na kumrukia usoni. Miwani ya kinga, glovu ndefu za mpira na aproni si mapambo ya wazungu wa kwenye picha.

Lakini kinachoigusa zaidi familia ni chupa. Asidi inayobaki hutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikaletwa nyumbani isiibiwe. Haina rangi. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji, na hata mtu mzima gizani anaweza kukosea. Asidi ibaki karakana, kwenye chombo chake chenye maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli.

Ikimwagikia ngozi au jicho, suuza papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa, kisha hospitali. Mtoto akiinywa, asitapishwe, maana itamuunguza koo mara ya pili. Asuuzwe mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Magadi yanafaa kunyunyiziwa asidi iliyomwagika sakafuni, si juu ya mwili.

Mzazi hahitaji kujua kemia ili afanye ziara ya nusu saa. Aangalie bomba la maji liko hatua ngapi kutoka kwenye ndoo, nani ana ufunguo wa kabati, na kama kuna miwani ya mwanafunzi au ni ya fundi peke yake. Fundi anayejali kazi yake atamwonyesha bila kununa. Akinuna, bora kijana atafutiwe karakana nyingine kabla hajaanza.