Mwamba ni wa Nani?

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni hapa mnaukumbuka mwamba mkubwa uonekanao mtu akisimama katika uwanja wa mpira na kutazama mashariki. Wengi wenu mliupanda Jumapili alasiri kwa miguu mitupu, kwa ile njia ya nyuma ambayo hata mbuzi huipanda. Labda hamjapata habari kwamba kwa miaka mitatu sasa mwamba huo una wageni. Huja kwa gari kutoka mjini, Waafrika na Wazungu pamoja, wana kamba ndefu za rangi, mishipi ya kujifunga viunoni, na viatu vya mpira vibanavyo vidole hata mtu asiweze kutembea navyo vizuri. Njia ya mbuzi hawaitaki. Wautaka uso wa mbele, uliosimama wima kama ukuta wa kanisa.

Mimi nimepanda pamoja nao mara nyingi, kwa kuwa walihitaji mtu wa kuwafasiria Kiteso, nami nikaupenda mchezo wao. Sitaki kuusema vibaya. Mtu akiwa juu, vidole vyake vimeshika ukingo usiozidi upana wa penseli, hakumbuki mtihani wala njaa. Anakumbuka mguu wa kushoto tu, na mahali pa kuuweka.

Tena ni watu wenye adabu nyingi, jambo ambalo sikulitazamia. Aliyefika kwanza chini ya njia hupanda kwanza, na amkutaye hungoja. Akitaka kumpita mtu aendaye polepole, huomba ruhusa. Hapana ruhusa kukanyaga kamba ya mwenzio, maana mchanga huingia ndani ya nyuzi na kuzila kidogo kidogo. Si vyema kuiacha kamba yako ikining'inia kutwa juu ya njia iliyo nzuri huku wengine wamekaa chini wakikutazama. Jiwe likikutoka mkononi, hata likiwa dogo kama yai, lazima upige kelele ili walio chini wajikinge. Na kubwa kuliko yote, aliyeipanda njia kwanza ndiye mwenye neno juu yake. Yeye huipa jina. Kama aliipanda bila kupigilia chuma katika jiwe, haifai mwingine aje apigilie chuma bila kumwuliza.

Desturi hii ya mwisho imeleta ugomvi mkubwa hata nchi za mbali. Huko Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, pana mlima uitwao Cerro Torre, mwembamba kama mnara. Mwaka 1970 Mwitalia Cesare Maestri aliupanda ubavu wake kwa msaada wa mashine ya petroli, akitoboa mwamba na kupigilia mamia ya vyuma, kisha akaiacha mashine yenyewe imening'inia huko juu. Wapandaji wengi walisema ameuharibu mlima, lakini vyuma vyake vikatumika kwa miaka zaidi ya arobaini. Januari 2012 vijana wawili, Hayden Kennedy wa Marekani na Jason Kruk wa Kanada, walifika kileleni, na wakati wa kushuka waking'oa vyuma kama 120. Waliporudi katika kijiji cha El Chaltén walikuta watu wamekasirika, hata polisi wakawashika kwa muda.

Wageni wetu waliijadili habari hii jioni moja kwa saa nzima, tukiwa tumekaa chini ya mwamba. Wengine walisema vijana wale walifanya haki, wengine wakasema walijitwalia mamlaka. Wakati huo wote wanawake wawili wa kijiji walikuwa wakipita nyuma yetu na nyungo zao vichwani, wakizunguka mizigo ya kamba iliyolala njiani. Hapana hata mmoja aliyeisogeza.

Yafaa nieleze hapo, kwa ajili ya wale wasiotoka upande huu. Chini ya uso wa mbele mwamba umelala kwa mteremko mdogo, mpana, safi, hauna udongo. Hapo ndipo wanawake huanika muhogo. Muhogo uliomenywa ukianikwa juu ya udongo hushika mchanga, na usipokauka upesi huota ukungu. Juu ya jiwe hupata joto la jua kwa juu na joto la jiwe kwa chini, ukawa makopa meupe. Wimbi nalo hupurwa hapo. Kila ukoo una sehemu yake, ingawa hapana alama, wala mgeni hawezi kuiona mipaka. Nyanya yangu aliweza kuionyesha kwa ncha ya ufagio.

Kazi hii yote ni ya kiangazi, kuanzia Desemba hata Februari. Wapandaji nao hukitaka kiangazi hicho hicho, maana mwamba uliolowa huteleza. Kwa hiyo sisemi kwamba ugomvi uliletwa na ubaya wa mtu. Uliletwa na jua, ambalo kila mmoja alilitaka siku zile zile na mahali pale pale.

Januari mwaka jana jiwe liling'oka karibu na kilele. Mpandaji alipiga kelele kama desturi yao iagizavyo, ila alipiga kwa Kiingereza. Wanawake waliokuwa wakigeuza makopa hawakujua maana yake, basi wakainua nyuso zao kutazama juu, badala ya kuinama na kukimbilia ukutani. Jiwe lilipita kati yao likavunja mtungi wa maji. Asubuhi ya pili njia iendayo mwambani ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba, na mzee mwenye shamba lile ameketi kando yake juu ya kigoda.

Wageni walikuwa na barua kutoka ofisi moja ya mjini, yenye mhuri, nao waliitoa. Mmoja wao akaniambia nimweleze mzee kwamba mwamba ni kazi ya Mungu, si mali ya mtu. Mzee aliisikiliza barua yote nilivyokuwa nikiifasiri, asiharakishe. Kisha akasema, "Mwanangu, waambie barua yao sikuikataa. Nauliza tu, siku ya kwanza walipofika hapa, nani aliwapokea?"

Walitazamana. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wameegesha gari chini ya mkwaju na kuanza kupanda.

Baada ya siku ile nilitafuta, katika vitabu na katika kompyuta ya shule, kama mambo haya yametokea kwingine, nikakuta yametokea sana. Huko Wyoming, Marekani, pana mwamba wenye mifuo mirefu kama nguzo, jina lake Devils Tower, wenye urefu wa mita 264 toka chini yake. Wenyeji wa asili, yaani Walakota, Wacheyenne, Wakiowa na wengineo, wanauheshimu tangu zamani, na mwezi wa Juni wengi wao huja karibu nao kwa ibada. Mwaka 1995 wakuu wa hifadhi hawakukataza kupanda. Waliwaomba wapandaji waache kwa hiari yao mwezi wa Juni mzima. Wapandaji wengine wakaenda mahakamani kupinga hata ombi hilo, nao wakashindwa. Mwaka wa kwanza idadi ya wapandaji wa Juni ilishuka mno. Miaka ya baadaye ikaanza kupanda tena.

Katika Australia habari ilikwenda njia nyingine. Mwamba wa Uluru ulirudishwa kwa Waanangu, wenyewe wa asili, tarehe 26 Oktoba 1985. Waliwaomba watalii wasiupande, kwa kuwa njia ya kupandia hufuata njia takatifu ya mababu zao, na kwa kuwa watu waliofia pale, ambao ni zaidi ya 35, waliwatia wenyeji huzuni kama wafiwa. Bango la ombi lilisimama pale chini, na watu wakalisoma na kupanda. Mwisho njia ilifungwa kabisa tarehe 26 Oktoba 2019. Siku za mwisho kabla ya kufungwa palikuwa na msururu mrefu wa watu, wakiharakisha kupanda kwa sababu tu walisikia kwamba hawataruhusiwa tena.

Lakini tazameni sasa Ujerumani. Karibu na mji wa Dresden kuna minara ya mawe ya mchanga, na wapandaji wa huko walijiwekea sheria kali zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni marufuku kutumia vyuma vya kubana katika nyufa, hutumia mafundo ya kamba tu. Ni marufuku kupaka unga mweupe mikononi. Ni marufuku kupanda jiwe likiwa limelowa, maana jiwe la mchanga likinywa maji hulegea, na mshiko ambao vizazi vingi vimeutumia hukatika. Hizi ni sheria ngumu kuliko ombi la mwezi mmoja, na bado wapandaji wanajivunia kuzishika. Mimi naona sababu ni moja. Mpandaji hutii upesi neno lililotoka kwa mpandaji mwenzake. Neno la yule aanikaye muhogo, au asaliye chini ya mwamba, hulisikia kama kelele za kumzuia, hata likiwa jepesi.

Wageni wetu, kusema haki, walikaa kusikia. Kikao kilifanyika chini ya mkwaju mwezi wa Machi, na kilichukua siku mbili, maana siku ya kwanza ilikwisha kwa salamu na kwa habari ya mtungi. Ikakubaliwa kwamba kiangazi wapandaji watakwenda upande wa kaskazini peke yake. Wajifunze neno la Kiteso la kuonya. Wasipigilie chuma kipya bila kumwambia mzee, na kila wafikapo wampitie kwanza nyumbani kwake. Mtungi ulilipwa. Miiba ikaondolewa.

Hapo ndipo wageni nao walipotoa ombi lao, nami nililijua kabla hawajalisema. Upande ule wa kaskazini ndipo wapasuapo mawe. Huwasha moto wa kuni na wa magurudumu makuukuu juu ya mwamba, wakauacha uwake kwa saa nyingi mpaka jiwe lijichane kwa tabaka. Tabaka hupasuliwa kwa nyundo kubwa, na wanawake hukaa na nyundo ndogo wakizivunja kuwa kokoto, ambazo huuzwa kwa debe kwa wenye malori. Wageni walisema moto huo unaumaliza mwamba, kwamba jiwe lililochukua nyakati zisizohesabika linageuka sakafu kwa wiki moja, na kwamba moshi wake ni sumu kwa wale wanaokaa karibu nao. Maneno yote hayo ni kweli. Nimeona kwa macho yangu mahali nilipocheza nikiwa mtoto, ambapo leo ni shimo jeusi.

Lakini mmoja wa wanawake wale wa nyundo ndogo ni mama yangu. Ada yangu, tangu kidato cha kwanza hata hiki cha sita, imetoka katika kokoto. Nilisimama katikati ya kikao, nikafasiri ombi la wageni kwa Kiteso, neno kwa neno, nikimtazama yeye. Sikuongeza wala sikupunguza, ingawa ulimi ulikuwa mzito.

Mama hakukasirika. Alisema, "Waulize nyumba zao za mjini zimejengwa kwa mawe ya wapi." Nikafasiri. Bwana mmoja alicheka kidogo, wengine wakanyamaza. Kisha binti mmoja wa kundi lao, ambaye hupanda kuliko wote, akauliza debe moja la kokoto huuzwa kwa kiasi gani, na huchukua muda gani kulijaza. Mama alimjibu. Binti aliandika katika daftari lake, akauliza tena kama alisikia vizuri, maana bei ilimshangaza. Mzee akasema neno hili ni kubwa kuliko muhogo, halifai kumalizwa na watu wenye njaa, tukavunja kikao.

Halijamalizwa mpaka leo. Moto bado huwaka upande wa kaskazini, ila mbali kidogo na njia za kamba, na wapandaji bado hupanda, wakikohoa upepo unapogeuka. Kikao cha pili kimewekwa baada ya mavuno ya wimbi, nami nimeombwa kufasiri tena. Mama amesema atakuja, ila atakaa pembeni na nyundo yake, kwa kuwa siku waliyoichagua ni siku ya lori.