Mafuriko Yasiyo na Kitufe

Vijana wenzangu, kijiweni kwetu Mvumi kuna ubishi usiokwisha. Jamaa wanasema eti siku zijazo kompyuta itaiunda dunia nzima upya, na atakayeingia humo hataweza kuitofautisha na hii yetu. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne tu, ninayejifunza kuandika riwaya, lakini hapa nina neno.

Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, aliiga mwenendo wa anga kwa kompyuta. Siku moja alitaka kurudia hesabu kuanzia katikati. Mashine ilikuwa imehifadhi 0.506127, yeye akaingiza 0.506 kama ilivyochapwa karatasini. Tofauti kiduchu, bwana! Kumbe hali ya hewa ya pili ikaanza kuachana na ya kwanza, hadi zikawa hazifanani kabisa. Basi anayetaka kuinakili dunia kamili itambidi apime kila kitu, asibakize hata tone. Nani ataweza?

Tusiidharau mashine, lakini. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulishirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa na mifereji, ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Ramani zile ziliacha mengi, na bado zina faida.

Sisi wa Kilosa mafuriko tunayajua. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalibomoa reli ya Kilosa hadi Gulwe, na watu wengi wakaishia kwenye mahema. Shangazi yangu alikuwamo. Ukimwuliza habari za siku zile, hasemi maji yalifika kimo gani. Anasema alirudi akalikuta jembe, asiikute picha pekee ya marehemu mumewe.

Labda siku moja mashine itaniletea maji yale, ngurumo na hata ubaridi. Nikichoka nitabonyeza kitufe, nitoke mkavu. Shangazi hakuwa na kitufe. Kwangu mimi, uhalisi ni kile kisichorudi kikishakwenda.

Mshikaji mmoja akanibana: "Na riwaya yako je, si kuiga vilevile?" Ni kuiga, sikatai. Ila mimi sitamwambia shangazi kwamba nimemrudishia picha yake. Nitaandika kwamba haipo.