Historia iko uvunguni

Hebu mwulize mtoto wa darasa la nne wa Geita au Kahama historia ni nini. Atakutajia fuvu la Olduvai, Vasco da Gama na tarehe ya uhuru. Hakosei. Lakini mwulize bibi yake yuko wapi kwenye hiyo historia. Atakucheka. Bibi? Bibi si analima pamba tu!

Hapo ndipo ninapogomba. Kazi yangu ya kusaka habari inanizungusha sana kati ya Shinyanga na Geita, na kila nyumba ninayoingia naona kitu cha zamani kimesukumwa uvunguni. Tangu 2024 shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Safi. Sasa mwalimu amwambie kila mtoto aje na kitu kimoja cha kwao, na majibu ya maswali manne: Nani alikitengeneza? Kilifikaje kwenu? Kililipiwa nini? Kwa nini hakitumiki tena?

Chukua jembe kuukuu, lile la kufuliwa na mhunzi. Warongo wa pande hizi za Geita walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla mkoloni hajafika, na majembe ya huku yalifika mpaka Unyamwezi. Mtoto aliyezoea kusikia kwamba utaalamu wa madini uliletwa na wageni atalishika jembe hilo kwa mikono miwili.

Mwingine ataleta kadi ya ushirika ya babu yake. Kwa nini babu alijiunga? Kwa sababu wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Paul Bomani na wenzake wakawaunganisha, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Basi mtoto akamwulize babu: chama kilivunjwa, kadi ukaiwekea nini? Jibu la swali hilo hulipati kwenye kitabu chochote.

Na wa tatu ataleta karai lililooshea mchanga wa dhahabu Bulyanhulu, kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa mwaka 1996 kupisha mgodi mkubwa. Hapo darasa litakuwa kimya kidogo, maana pengine mtoto wa aliyeondolewa anakaa dawati moja na mtoto wa mwajiriwa wa mgodi. Mwalimu asiogope. Awaache wote wawili waeleze walichosikia nyumbani.

Najua utaniambia wazee husahau, na wengine hutia chumvi. Kweli kabisa. Ndiyo maana watoto watatu wenye masimulizi matatu juu ya jambo moja ni somo zuri kuliko mtoto mmoja mwenye jibu sahihi. Watalinganisha, watatafuta mwaka ulioandikwa kwenye kadi, watabishana. Wanahistoria kazi yao si ndiyo hiyo?

Wengine watasema vitu hivyo vina makumbusho yake, na pale Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wanayo. Nayaheshimu. Ila piga hesabu ya nauli ya darasa la watoto mia moja kutoka kijijini Msalala, halafu uniambie. Jembe la bibi halina nauli.

Kinachonikosesha usingizi ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanapita na mizani, jembe la mhunzi linapimwa pamoja na mabati mabovu na spoku za baiskeli, bibi anapata hela ya chumvi na sabuni. Siwezi kumlaumu bibi, wala mnunuzi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kile ni kitu gani. Na bibi mwenyewe, anayejua lilikotoka, hatakuwapo siku zote.

Haya, wewe uliyesoma mpaka hapa: uvunguni kwenu kuna nini? Piga simu nyumbani leo, uulize.