Doa la Umri na Doa la Kutu

Mtu aliyezoea kusugua masufuria hudhani kwamba chuma king'aacho ndicho kisafi. Dhana hiyo ilituletea mvutano nyumbani Rusimbi, wiki moja kabla ya arusi ya mpwa wangu, jambia la babu lilipotolewa sandukuni.

Majambia si kitu kigeni kwetu. Ujiji, kilomita chache tu kutoka hapa, ndiko ilikoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu. Bapa la jambia letu lina michirizi kama mawimbi ya ziwa, na juu ya michirizi hiyo palikuwa na madoa.

"Mwanangu," alisema baba mdogo, "lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kunolea. Bwana arusi akivaa kitu chenye madoa, watu watasemaje?"

"Nimekusikia, baba. Lakini mashine itaondoka na mawimbi pia."

Mawimbi hayo si rangi ya kupakwa. Fundi huunganisha kwa moto na nyundo matabaka ya chuma cha aina mbili, kisha hulipaka bapa tindikali, ambayo hula tabaka moja kuliko jingine. Weusi na mng'aro huo hukaa juu juu. Jiwe likipita, hupotea. Fundi ajuaye kazi aweza kuurudisha kwa tindikali, lakini chuma kilicholiwa hakirudi.

Basi nikachukua kitambaa cheupe na mafuta ya cherehani, nikapima doa moja moja. La kwanza lilikuwa la kijivu, laini, wala halikuchafua kitambaa. Huo ni uzee wa chuma, nikauacha. La pili lilikuwa la manjano, lenye kunata: mawese ya zamani yaliyochacha na kushika vumbi. Kigoma hatukosi mawese, lakini hayafai kuhifadhi chuma, kwani yakichacha asidi yake hukiuma. Hilo liliondoka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakausha papo hapo. La tatu lilikuwa jekundu, lenye kukwaruza kidole, likaacha alama kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo kutu. Niliilowesha mafuta usiku kucha, asubuhi nikaikwangua taratibu kwa kibanzi cha mwanzi, ambacho ni laini kuliko chuma, nikifuata urefu wa bapa.

Shangazi alileta ndimu na majivu, dawa ya visu vya samaki. Nilimshukuru, nikaviweka kando. Ndimu nayo ni tindikali, na majivu hukwaruza.

Baba mdogo alilitazama bapa juani. "Mbona vishimo vimebaki?"

"Kutu imekwisha kula hapo, baba. Kuvifuta ni kulipunguza bapa zima mpaka lifike chini yao."

Alinyamaza kitambo. "Basi na alivae hivyo hivyo. Ni la babu yake, si la dukani."

Baada ya arusi hatukulirudisha katika ala, maana ngozi hushika unyevunyevu. Tulilipaka mafuta ya cherehani, tukalifunga kwa kitambaa kikavu, na ala tukaiweka pembeni.

Nawe msomaji, ukirithi chuma cha namna hii, usianze na jiwe. Anza na kitambaa cheupe, nacho kitakuonyesha lipi ni gonjwa na lipi ni umri tu.